Bustani zinakauka, wateja wanaondoka, na mke wangu hajui ada ya watoto imeenda wapi

Dada Mshauri, habari za kazi.

Naomba jina langu usilitaje. Nina miaka 43, nina mke na watoto watatu, kazi yangu ni bustani. Nina kampuni ndogo, tunatengeneza bustani mpya, tunapanda nyasi, miti, maua, tunaweka njia za mawe na pevingi, halafu tunabaki kutunza, kukata nyasi, kupogoa, kumwagilia. Nilianza miaka 14 iliyopita na mashine ya kukata nyasi ya kuazima, na mzee mmoja ambaye ndiye alinifundisha kila kitu, sasa ana miaka 59 na bado yuko na mimi. Leo tuko kumi na mmoja ukinihesabu.

Kuna kipindi nilikuwa nakataa kazi dada, si utani. Watu walikuwa wanajenga, na mtu akimaliza nyumba anataka kuona kijani. Mimi nilijulikana kwa nyasi, zulia kabisa, mtu anavua viatu mwenyewe kabla hajakanyaga. Nilijivunia sana hilo na bado najivunia.

Sasa yamekuja mambo mawili kwa pamoja na nashindwa kujua lipi ndilo linaniua. La kwanza ni hela, watu hawana. Waliokuwa wanajenga wamesimama. Walioniita kila wiki sasa wananiita mara moja kwa mwezi, wengine wamempa mlinzi fyekeo akate mwenyewe. Ofisi moja kubwa, ambayo peke yake ilikuwa inanipa karibu nusu ya mapato yangu, ilivunja mkataba kwa barua ya mistari minne, wanabana matumizi, basi. Na kuna wateja wawili nawadai tangu mwaka jana, simu hawapokei.

La pili ni maji. Mvua haieleweki tena. Mwaka juzi ilichelewa mpaka miche ikafia kwenye viriba, mwaka jana ikaja yote kwa siku nne tu ikabeba udongo na kila nilichopanda kwa mteja mmoja, na kwa kuwa nilimpa waranti ya miezi mitatu ikabidi nirudie kwa hela yangu. Mwaka huu maji ni ya mgao na bustani ndiyo imekatazwa kwanza. Nyasi za wateja zimekuwa rangi ya gunia na wananiangalia kama vile mimi ndiye nimezikausha.

Sasa hili ndilo linalonikosesha usingizi. Miezi sita sasa mishahara ya vijana haitoki kwenye kazi, inatoka kwenye akaunti ya ada ya watoto. Nilianza kwa kukopa kidogo nikasema mwezi ujao narudisha, mwezi ujao ukawa mbaya zaidi. Mke wangu hajui. Mwezi uliopita aliniuliza juu juu tu, "Baba watoto, ile hela si ipo?" nikamwambia ipo. Imebaki kama robo.

Halafu imekuja kazi moja. Kuna mmiliki wa maghorofa anataka ning'oe bustani yake yote, bustani ambayo niliitengeneza mwenyewe miaka tisa iliyopita, nitandike nyasi bandia za plastiki kote na panapobaki nimwage zege. Kuna miti miwili mikubwa, yule mzee wangu ndiye aliipanda, nayo anataka itoke kwa sababu majani yatakuwa yanachafua plastiki. Kazi ni kubwa, nikiifanya nalipa vijana karibu miezi mitano. Lakini advansi anatoa asilimia 30 tu, iliyobaki kidogo kidogo kazi inavyoenda, na nyasi bandia lazima zilipiwe zote mwanzoni. Kwa hiyo nikope, na dhamana niliyonayo ni pikapu na mashine. Amenipa wiki mbili nimjibu.

Mdogo wangu ndiye anashika vitabu vya hesabu, anasema chukua, tena tuachane na mimea kabisa tuwe watu wa nyasi bandia, huko ndiko dunia inaenda. Mzee hajasema kitu, ila siku aliposikia habari ya miti alienda kukaa peke yake kwenye pikapu mpaka jioni. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, kwenye huo mpango mpya na mimi nimo?" Sikuweza kumjibu.

Naona njia tatu. Nikope nichukue hiyo kazi, au nipunguze nusu ya vijana, au nifunge kabisa wakati pikapu bado ni yangu nikatafute ajira. Zote zinaniuma. Nisaidie dada yangu.

Ni mimi, Baba wa Bustani.

*

Kaka yangu Baba wa Bustani,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye pikapu, mzee amekaa peke yake mpaka jioni. Mtu asiyejali wafanyakazi wake asingeliona hilo, achilia mbali kuliandika, kwa hiyo kabla ya yote nakuambia nimekuona, na mzigo uliobeba nimeuona.

Ngoja nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekuelewa. Una biashara iliyokuwa imesimama kwa miguu miwili, wateja wenye hela na maji ya kutosha, na miguu yote imeteleza mwaka mmoja. Umeziba pengo kwa hela ya nyumbani bila kusema. Sasa imekuja kazi inayoonekana kama kamba ya kukutoa shimoni, ila ili uishike lazima uweke rehani vitu pekee vilivyobaki, na ung'oe kwa mkono wako ulichokipanda. Na umeandika sentensi moja ambayo kwangu ndiyo barua yenyewe: "nashindwa kujua lipi ndilo linaniua".

Tuanzie hapo, kwa sababu nadhani umeyachanganya mawili haya mpaka yamekuwa dubwana moja, na kila suluhisho unalowaza unataka lilimalize dubwana lote kwa mpigo. Uchumi ukidorora unakuja na unaondoka, lini hakuna ajuaye, lakini watu watarudi kujenga. Hili la hali ya hewa haliondoki. Joto la dunia limeshapanda, mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya wastani wa enzi za kabla ya viwanda, na hewa kila ikipanda joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Maana yake ni kwamba hewa inanyonya unyevu wa udongo kwa nguvu zaidi wakati wa kiangazi, halafu siku ikiamua kuumwaga inaumwaga wote. Ule ukame wako wa mwaka juzi na yale mafuriko yako ya mwaka jana unaweza kuwa unayaona kama mikosi miwili tofauti, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa shida ya kupita inataka uwe mdogo, mwepesi, usiwe na deni, usubiri. Shida ya kudumu inataka ujifunze kazi upya, na kujifunza kunakula muda, hakuhitaji sana hela. Wasiwasi wangu ni kwamba unaweza kunywa dawa ya hii kwa ugonjwa wa ile. Ukikopa na kubadilisha biashara nzima iwe ya plastiki kwa sababu ya pengo la miezi kadhaa, umefanya badiliko la kudumu kwa shida inayopita. Na ukikaa unasubiri mvua irudi kama zamani, jinsi unavyosubiri uchumi urudi, hapo nako umekosea upande wa pili. Jaribu kuchukua karatasi mbili, moja uandike yaliyosababishwa na hela, nyingine yaliyosababishwa na maji. Nakuhakikishia zitakuwa tofauti. Ile ofisi kubwa kwa mfano, haikuondoka kwa sababu ya ukame, na hata mvua ingenyesha kila Jumatatu wangeondoka tu.

Na hapo kwenye ofisi niseme kidogo. Mteja mmoja kushika karibu nusu ya mapato, hilo lilikuwa hatari hata miaka mizuri, ila miaka mizuri haituonyeshi. Sikulaumu, karibu kila mwenye biashara ndogo ninayemfahamu amepita hapo. Nakuambia kwa sababu hii kazi ya maghorofa inakurudisha palepale, mteja mmoja, mkubwa, na safari hii wewe ndiye unamkopesha.

Tuiangalie vizuri hiyo kazi basi. Asilimia 30 mkononi, vifaa vyote vilipiwe mwanzo, iliyobaki inakuja kidogo kidogo, na tayari una watu wawili ambao hawapokei simu. Huyu wa tatu akichelewa miezi miwili tu, nani analipa riba? Nani anabaki na pikapu? Sisemi si mwaminifu, simjui, lakini uaminifu wake si kitu unachoweza kupeleka kama dhamana. Swali ninalotamani umuulize ni dogo sana: yuko tayari kununua hizo nyasi bandia yeye mwenyewe, wewe umtoze ufundi na usimamizi tu? Wajenzi wanafanya hivyo kila siku. Faida yako itapungua, lakini hukopi, na jibu lake litakuambia mengi kuhusu hela yake. Akisema hawezi kuzilipia mwanzoni, basi umeshajua kwamba wewe ndiye ulikuwa uwe benki yake.

Lingine, umemuuliza kwa nini anataka plastiki? Nauliza kwa dhati kwa sababu mara nyingi mtu haji kwako na shida yake, anakuja na suluhisho aliloliona kwa jirani. Huenda shida yake ni bili ya maji na gharama ya kukatiwa nyasi, basi. Kama ni hivyo kuna njia zaidi ya moja. Nyasi bandia zina mahali pake, kona ya watoto, korido ambayo jua halifiki, sikatai. Lakini kutandika kiwanja kizima juani, na kung'oa miti miwili yenye kivuli, nadhani mwenye maghorofa hajaambiwa yote. Hizo plastiki juani zimepimwa zikipita nyuzi 60, mtoto hakanyagi hapo mchana, na nyumba za chini zinapokea hilo joto. Zikishamaliza maisha yake, miaka kumi hivi mpaka kumi na tano, ni taka za kubeba. Na zege zikizidi, mvua ile ya siku nne ya mwaka jana itaenda wapi? Itaenda mlangoni kwa mpangaji wa chini.

Kwa hiyo kati ya kukubali na kukataa kuna kumrudia na mchoro wa pili. Miti inabaki, chini ya miti unaweka matandazo, yaani majani au nyasi kavu za kufunika udongo, na mimea ya kivuli isiyotaka maji mengi, nyasi bandia unaweka pale tu watu wanapokanyaga kila siku, na badala ya zege unatumia changarawe au pevingi zenye nafasi maji yapenye. Kazi inakuwa ndogo, hela inakuwa ndogo, na anaweza kukataa akampa mtu mwingine, nisikudanganye. Ukishampelekea huo mchoro ujue unaweka ile miezi mitano rehani. Hilo ni la kupima wewe, si mimi.

Mdogo wako anasema huko ndiko dunia inaenda. Namwelewa, ndiye anaziona namba nyekundu kila jioni. Ila ningependa mkae mulitazame hilo neno, maana dunia inaenda sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Jimbo la Nevada kule Marekani, upande wa Las Vegas, walipitisha sheria mwaka 2021 kwamba kuanzia 2027 maji ya Mto Colorado yasimwagiliwe tena kwenye nyasi za mapambo, zile za mbele ya maofisi na katikati ya barabara ambazo hakuna anayezikanyaga. Za nyumba za familia moja moja hawakuzigusa. Na nyingi ya hizo nyasi zimekuwa zikitolewa na kupandwa miti na mimea ya jangwani badala yake, kazi ambayo lazima ifanywe na watu wa bustani. Jiji la Denver, hukohuko Marekani, walianza kuliongelea hili tangu 1981, wakaliundia na jina, bustani inayoishi kwa maji machache. Cape Town mwaka 2018 mtu mmoja alikuwa na lita 50 kwa siku, kunywa, kuoga, kufua, vyote humo humo, na maji ya bomba kumwagilia bustani ilikuwa marufuku kabisa, lakini mvua ziliporudi masharti yakalegezwa. Sikuletei hizi habari kukutisha. Nataka uone kwamba mgao wako wa maji wengine wameshaupitia, na watu wa bustani hawakuisha.

Sasa nikuulize swali ambalo naomba usiliogope. Umesema ulijulikana kwa nyasi. Hivi wateja walikuwa wanakulipa kwa nyasi, au walikuwa wanakulipa kwa kutokuwa na wasiwasi na uwanja wao? Mimi nikisoma barua yako naona mtu aliyerudia kupanda kwa hela yake kwa sababu alitoa neno lake. Hicho si nyasi. Na leo mwenye bustani ana wasiwasi kuliko zamani, bili ya maji inamtisha, mvua ikija inambebea udongo, na hana wa kumuuliza.

Na mengi anayoyahitaji unayajua tayari, au mzee anayajua. Kumwagilia mara chache lakini maji yazame, asubuhi na mapema, ili mizizi ishuke chini badala ya kukaa juu juu inasubiri mpira. Kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mkupuo, na kipindi cha jua kali kuziacha ndefu kidogo zijifunike zenyewe. Matandazo unene wa sentimita tano mpaka kumi, mbali na shina lisioze. Kupanga mimea kwa kiu yake, wenye kiu pamoja, wavumilivu pamoja, ili usimwagilie bustani nzima kwa ajili ya mmea mmoja. Na maji ya paa, kaka! Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ya mtoto wa shule, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20 za mvua ni lita 2,000, ukitoa inayopotea njiani bado unabaki na 1,600 au 1,700. Mteja ambaye hana hela ya bustani mpya anaweza kuwa na hela ya tenki, mifereji na mpira wa matone, ule unaodondosha maji kidogo kidogo kwenye mizizi, kama ukimwonyesha kwenye karatasi bili yake itashuka vipi. Ile mvua iliyobeba miche yako nayo ina kazi ndani yake, kuchimba makinga maji, kuacha bonde dogo lenye mimea inayostahimili kulowa ili maji yatulie yazame badala ya kukimbia. Haya hayataki mkopo, yanataka majembe na akili, na majembe unayo.

Lakini nisikupambie. Hii njia ina hatari yake na ni lazima uijue kabla hujaingia. Bustani isiyotaka maji mengi haikui haraka, na isiyokua haraka haiiti mkata nyasi kila wiki. Yaani ukifanya kazi nzuri unajipunguzia siku za kazi. Wengi wanabadilisha bustani za wateja halafu miezi michache mbele wanashangaa kalenda iko tupu. Kwa hiyo ukienda huko, namna ya kutoza nayo inabidi ibadilike, isiwe kwa kila mara unayokata bali kwa msimu mzima, mteja analipa kidogo kila mwezi na wewe unahakikisha bustani iko hai, unaangalia matone hayajaziba, unapogoa, unaongeza matandazo, unasafisha mifereji kabla ya mvua. Baadhi watakubali, wengine watakuambia nitakuita nikikuhitaji. Sijui kwako watakuwa wangapi, ndiyo maana ningejaribu kwa wateja watatu au wanne wanaokupenda kabla sijatangaza popote.

Na hiyo waranti ya miezi mitatu iandikwe upya. Kuahidi mmea utaishi wakati mvua hujui itakuja lini na mgao wa maji hauuamui wewe, hiyo ni ahadi ya kubeba mzigo wa mbingu. Unaweza kuahidi ufundi wako, si hali ya hewa. Advansi nayo ifunike angalau miche na vifaa vyote kabla hujagusa udongo, hata kwa mteja unayemheshimu.

Halafu usije ukakimbilia mmea wowote eti kwa sababu haufi kwa kiu. Lantana ilisambazwa duniani kama ua la bustani na leo imefunika malisho na misitu. Gugu maji nalo lilitoka Amerika ya Kusini likapendwa kwa ua lake zuri, waulize wavuvi wa Ziwa Victoria. Mimea ya asili ya hapo mlipo ndiyo ya kuanza nayo, na nina hakika mzee wako anaijua kwa majina.

Nije kwa hilo linalokukosesha usingizi. Kaka yangu, sitakupigia kelele, umeshajipigia za kutosha. Ulitoa hela ya ada ukalipa watu kumi wenye familia zao, moyo ulikuwa mahali pazuri. Lakini kuna mambo mawili nataka uyaone. La kwanza ni la hesabu tu: kwa miezi sita hujui biashara yako inapoteza kiasi gani, kwa sababu kila mwezi unaziba kabla hujaangalia. Mdogo wako je, anajua hela ya mishahara imetoka wapi? Kama hajui, hata ushauri wake anautoa juu ya namba ambazo si za kweli. La pili ni kwamba njia zako zote tatu, kukopa, kupunguza watu, kufunga, zinaiangukia nyumba yako, na umekaa unaziamua peke yako. Mama watoto aliuliza juu juu, unasema. Mimi sina hakika aliuliza juu juu. Mwanamke anayeishi na mtu asiyelala miezi sita huwa anajua kuna kitu, hajui jina lake tu.

Kumwambia kuna hatari, siwezi kukuahidi atapokea vizuri. Atakasirika, na pengine kitakachomuuma zaidi ya hela ni lile neno "ipo". Inaweza kuchukua muda mrefu akuamini tena. Kutomwambia nako kuna hatari yake na ina tarehe, siku ya kulipa ada. Sasa hivi bado robo ipo, bado mna cha kuokoa pamoja, na mkopo haujasainiwa. Kama utaamua kusema, ningependelea useme kabla ya hizo wiki mbili kwisha, ili akusaidie kuamua. Nenda na karatasi, si na maelezo matupu: ilikuwa kiasi gani, imetoka lini, imebaki kiasi gani. Halafu umsikilize. Inawezekana kabisa ana wazo ambalo wewe na mimi hatujaliona, yeye ndiye anaendesha nyumba kwa hela isiyotosha kila siku.

Kuhusu vijana, unawaza kupunguza nusu. Inaweza kufika huko, na ikifika sheria za kazi na haki zao uzifuate zote, hata kama mlianza kwa kupeana mkono tu. Ila kuna hatua kabla ya hapo, kupunguza siku badala ya watu, wote wakafanya kazi siku tatu au nne. Hasara yake ni kwamba wale wazuri zaidi wanaweza kuondoka kwanza kwa sababu ndio wanaopata kwingine, na wanaobaki wanaumia wote kwa pamoja. Wengine wanaona ni haki, wengine wanaona bora ijulikane nani yupo na nani hayupo. Wewe unawajua, mimi siwajui. Ninachokijua ni kwamba wanaona mashine zimepaki na wanaona uso wako, kwa hiyo ukimya wako hauwafichi kitu, unawanyima tu nafasi ya kujipanga.

Na kufunga. Naona umeitaja mwisho na kwa sauti ya chini, kama aibu. Kufunga ukiwa hudaiwi, pikapu ni yako na jina lako safi, mimi siioni kama aibu, ni mlango halali kama hiyo mingine. Kuna watu wamefunga miaka miwili wakafungua tena. Kitu cha kujiuliza ni namba gani ikifika utafunga, uiandike sasa hivi kichwa kikiwa kimetulia, akaunti ikishuka hapa au miezi ikifika kadhaa bila faida, ili siku hiyo usiamue kwa hofu wala kwa kiburi. Hiyo namba nayo ningeiandika mbele ya mke wangu.

Nimebakiza mzee. Alikuuliza kama yumo kwenye mpango mpya na hukuweza kumjibu, na nadhani hukuweza kwa sababu mpango wenyewe bado haupo. Mwambie hivyo hivyo. "Baba, mpango bado sina, nisaidie kuufikiria." Ana miaka zaidi ya hamsini ya kuona mvua zikija na zikikosa, anajua mti upi ulibaki kijani mwaka ule kila kitu kilipokauka, na kwenye plastiki ujuzi huo hauna pa kukaa, lakini kwenye ule mchoro wa pili unahitajika kila mita. Kabla hujarudi kwa mwenye maghorofa, nenda naye pale mchana saa saba, mkiwa na kipimajoto, mpime chini ya ile miti miwili halafu mpime kwenye zege la nje juani. Andikeni namba zote mbili. Hizo ndizo za kumpelekea mteja kwanza, kabla ya bei.